Mtu Aliyekalia Jua

Vijana wa karakana, mmeniuliza mara nyingi kwa nini nikiona paneli ya jua juu ya bati nasimama barabarani kama mtu aliyeitwa jina lake. Nilipokuwa kazini sikupata nafasi ya kujibu, maana daima palikuwa na mtu anayesubiri mashine yake. Sasa nimestaafu, nina kiti na nina kivuli, na hakuna anayenigongea dirisha. Nitawaeleza. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, kwani ndio huohuo mnaoulalamikia ninyi.

Nilizaliwa kijiji cha Ntalikwa kwa wazazi wakulima, Wamoraviani wa kuimba sauti nne hata wakipalilia karanga. Nilipomaliza masomo nilichaguliwa kujifunza ufundi katika karakana ya Tabora iliyotengeneza vifaa vya zahanati za mkoani. Siku ya kwanza nilivaa gauni la kanisani, kosa ambalo grisi ililisahihisha kabla ya saa sita. Mlangoni nilimkuta Mzee Sudi, mtu wa mtaa wa Gongoni, mtoto wa fundi saa, amevaa kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono ambayo katika miaka yote niliyomjua haikupata doa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wagonjwa wa nyama wanapokelewa jengo lile pale. Hapa tunatibu vyuma."

"Nimeletwa kazini, mzee."

Alichungulia nyuma yangu kuona kama kuna mwanamume niliyefuatana naye. Hapakuwa na mtu ila mbuzi wa jirani. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akasema, "Basi ingia wewe. Yule hana mikono."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mzani wa kupimia watoto. Uligoma kushuka, kila mtoto akionekana mwepesi kama kifaranga, na akina mama walikuwa wanalia kliniki wakidhani watoto wao wanakonda. Nikanyakua bisibisi kwa bidii ya mgeni. Mzee Sudi akaninyang'anya.

"Umemsalimia?"

"Nani, mzee?"

"Mzani. Unamwingia mtu tumboni hata hujamjulia hali?"

Kusalimia kwake kulikuwa hivi: unakizunguka kifaa, unakitazama chini na juu, unakinusa, unakitikisa na kusikiliza. Nilipouinamisha mzani nikaona karanga moja imejibana chini ya sahani. Niliitoa, mzani ukapona. "Ungefungua skrubu zote," alisema, "na karanga ungeila bila kujua kwamba ndiyo ugonjwa." Kwa muda mrefu nilidhani karanga ile aliiweka yeye. Nilimwuliza miaka mingi baadaye, akasema mwenye kuweka karanga ovyo katika Tabora ya miaka ile angehojiwa.

Maana ilikuwa miaka ya kukosa. Kijijini watu walikuwa wamehamia kwenye vijiji vipya vya ujamaa, nyumba zimepangwa mistari. Mjini maduka yalikuwa na rafu safi sana kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuzichafua. Ukiuliza balbu, haipo. Ukiuliza sabuni, ilikuwepo jana. Spea hatukuziagiza, tulizizaa wenyewe. Mpira wa ndani wa baiskeli ulitufaa kwa kizibo, kwa mshipi wa mota na kwa bendeji ya bomba. Mzee Sudi alisema baiskeli iliumbwa ili siku moja iwe mashine ya hospitali.

Katika hali hiyo ndipo zilipofika paneli za jua. Mafuta ya taa ya kuendeshea majokofu ya chanjo yalikuwa yameadimika, basi zahanati chache zilizokuwa mbali na mji zikapewa msaada wa jokofu la umeme wa jua. Vijana waliozifunga walikuja na gari, wakatuonyesha jinsi ya kufuta vumbi, wakatuhakikishia kwamba paneli haziharibiki, wakaondoka na gari lao. Mkiambiwa kifaa fulani hakiharibiki, anzeni kukitafutia spea siku hiyohiyo.

Haukupita muda mrefu ujumbe ukaja. Ulitoka kwa nesi wa kijiji kimoja ng'ambo ya Igalula, ukapelekwa na mpanda baiskeli hadi stesheni, stesheni wakaupiga kwa simu ya reli hadi Tabora, na kwa kupita vinywa vyote hivyo ulifika kwetu ukiwa mfupi: "Njooni upesi. Mtu amekalia jua."

Mzee Sudi aliurudia mara mbili, akavua miwani. "Limeungua jua au ameungua mtu?"

Hakuna aliyejua. Tukafunga sanduku la vifaa: bisibisi, koleo, chuma cha kulehemu cha kupasha kwa mkaa, risasi ya lehemu, mita ya umeme yenye mshale, almasi ya kukatia vioo, na kopo la puti, ule udongo wa kushikia vioo vya madirisha, ambayo ilikuwa imekauka kama andazi la juzi. Tukapanda treni. Ilisimama njiani mara nyingi bila sababu ambayo binadamu angeweza kuiona. Mzee Sudi alitazama nje, akasema, "Babu yangu alipita hapa na msafara, pembe begani, kutoka Tabora hadi pwani. Nadhani alipumzika mara chache kuliko sisi."

Stesheni ya Igalula tulipokelewa na mzee mrefu mwenye baiskeli. Jicho moja lilikuwa limefumbwa na uvimbe, na sikio la upande uleule limeumuka kama kitumbua.

"Mwangaluka," alitusalimu kwa Kinyamwezi. Kisha, kabla hatujamwuliza, "Mimi ndiye."

"Ndiye nani, mwenzangu?" Mzee Sudi akauliza.

"Anayesemwa."

"Aliyekalia jua?"

"Sikukalia," alisema kwa heshima kubwa. "Nilichutama. Kitu chenyewe ndicho kilichokuja chini yangu."

Huyo alikuwa Mzee Kasanda, mrina asali aliyesifika upande ule wote. Tulitembea kwenda kijijini, sanduku letu likiwa juu ya baiskeli yake, naye akatusimulia. Kundi la nyuki lilikuwa limehamia katikati ya bati la zahanati na paneli, mahali penye joto zuri na mandhari. Nesi akamwita yeye, mwenye mizinga mingi porini, awahamishe. Akapanda na kienge cha moshi. Kila kitu kilikwenda kwa adabu mpaka nyuki mmoja alipoingia katika mguu wa suruali na kuanza safari ya kupanda juu.

"Wewe ungefanyaje?" aliniuliza.

Nilisema sikuwahi kuwa katika hali hiyo. "Basi," alisema, akaridhika, kana kwamba nimemtetea mahakamani.

Zahanatini tulimkuta Nesi Anjela amesimama mbele ya jokofu kama askari. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kufika mbele kuliko yeye mwenyewe. Ndani ya jokofu mlikuwa na chanjo ya surua ya kijiji kizima na vijiji vya jirani, na surua yenyewe ilikwisha bisha hodi: katika kijiji cha pili watoto walikuwa wamelala na vipele, na mmoja alikuwa amezikwa. Siku ya kuchanja ilikwisha tangazwa, akina mama wangekuja kutoka mbali.

"Jokofu linakula mlo mmoja kwa siku," alisema. "Asubuhi betri zinaamka zimechoka. Nimelitia kufuli, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji alikuja kuomba maji baridi. Nimemwambia akafie mbele."

"Chanjo haziwezi kurudishwa Tabora?" niliuliza.

"Kwa barafu ya nani? Nikizitoa humu bila barafu, nazipeleka mazikoni."

Mzee Sudi akapanda ngazi, nami nyuma yake; nyuki walikuwa wamekwisha kuhama. Paneli zilikuwa nne, ndefu nyembamba, zimeungwa mbilimbili. Ya tatu ilikuwa na alama ambayo haikuhitaji mtaalamu. Kioo kilikuwa kimesagika chote kuwa chembechembe, kama sukari guru iliyopondwa, na katikati palikuwa na bonde, tena mabonde mawili, yaliyokaa sambamba.

Mzee Sudi alitazama mabonde yale kwa muda. Akamtazama Mzee Kasanda aliyekuwa chini. "Ulichutama," alisema.

"Nilichutama," Mzee Kasanda akajibu.

Tuliishusha paneli, tukailaza juu ya meza ya nesi iliyotolewa nje, tukaifunika blanketi kwanza. Hilo lishikeni: paneli haina swichi, jua likiwa linaiona inafanya kazi, na umeme wake haukuulizi kama uko tayari. Kisha tukaisalimia. Tuliinusa, tukaigeuza, tukaisikiliza, tukapitisha mita sehemu kwa sehemu tukifunua blanketi kidogokidogo. Vigae vyeusi vinavyozaa umeme vilikuwa ndani ya utando laini unaong'aa, kama mpira uliotengenezwa kwa ute wa yai. Vingi vilikuwa vizima. Tatizo lilikuwa kwenye bonde la kushoto, ambapo utepe mwembamba wa kuunganisha kigae na kigae ulikuwa umekatika.

"Ni kama mabehewa," Mzee Sudi alimweleza nesi. "Kiungo kimoja kikikatika, la nyuma haliendi, hata kama ni zima. Ndiyo maana paneli mwenzake naye amelala."

Vipande vya kioo vilivyoshikamana na utando tuliviacha. Msije mkavibandua kwa kupenda usafi, mtang'oa vigae pamoja navyo. Nilibandua pale tu palipokatika, nikauchana utando kwa wembe. Mzee Sudi alikipasha chuma cha lehemu kwenye jiko la mkaa la nesi, akanikabidhi.

"Mimi, mzee?"

"Macho yangu yametosha kwa saa za baba yangu. Na mkono wako hautetemeki. Utatetemeka nikikusifu, kwa hiyo sikusifu."

Niliweka kipande cha waya mwembamba wa shaba juu ya palipokatika, nikagusa na risasi pande mbili, nikaondoa. Tulipofunua blanketi mshale wa mita ukanyanyuka. Nesi Anjela akapiga kigelegele kimoja kikubwa, akajizuia, akarudi kwenye kufuli lake.

Lakini paneli iliyo wazi hivyo ni kidonda. Mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri. Tone likiingia kwenye nyufa zile, kutu ingekula tepe zote, na safari ijayo tungekuja kuzika. Tulihitaji kioo, na katika kijiji kile hata shule ilikuwa na madirisha ya mbao.

Mzee Kasanda akajitokeza na suluhisho. "Nta," alisema. "Maji hayapiti kwenye nta. Muulizeni nyuki."

Mzee Sudi alifikiri, akasema tujaribu, kwani hatukuwa na jingine. Nta ililetwa, nyeupe, iliyochujwa vizuri. Tukaiyeyusha, tukaimimina juu ya paneli ikawa utando safi, tukairudisha juu ya bati. Mzee Kasanda aliizunguka zahanati akiitazama kama bwana harusi. Jioni alitembea kijijini bila kuficha uso.

Kesho yake jua lilipopanda, paneli nayo ikapanda joto. Sijui kama mmewahi kuigusa paneli saa saba mchana wa kiangazi cha Tabora, msiiguse. Nta ikalainika, ikaanza kuteremka kwenye bati polepole, ikadondoka mbele ya mlango wa zahanati. Na harufu ya nta ya moto ikaenda porini ikitangaza. Nyuki wakarudi. Safari hii hawakuwa kundi moja. Walikuja na wajomba zao.

Wagonjwa waliokuwa wamelala wakaonekana wakikimbia vizuri kabisa. Mwenyekiti wa kijiji alipita dirishani. Nesi Anjela hakutoka. Alijifunika shuka gubigubi akakaa ameliegemea jokofu, na kutoka ndani ya shuka tukasikia sauti yake: "Mzee Kasanda! Nikipona, nitakuchanja wewe wa kwanza, kwa sindano butu!"

Mzee Sudi nilimkuta nyuma ya choo, amekaa chini, machozi yakimtoka. Nilidhani ameumwa. Alikuwa anacheka. "Mwulize nyuki," alisema, akashindwa kuendelea. "Tumemwuliza."

Nyuki walipotulia jioni Mzee Kasanda aliwahamisha, safari hii suruali ikiwa imefungwa kamba vifundoni. Akashuka, akakaa kwenye gogo. Alikuwa anatazama nyumba yake, iliyokuwa mstari wa mbele.

"Kioo kipo," alisema hatimaye. "Kimoja. Lakini si changu."

Kilikuwa cha mke wake, Mama Kalunde. Alikuwa na kabati la nguo lenye kioo kirefu mlangoni, lililonunuliwa Tabora kwa asali ya miaka mingi na kuletwa kwa treni, na kutoka stesheni likabebwa na wanaume wanne kama jeneza la chifu. Kijiji kizima kilikuwa na vioo vya mkononi tu, vya kujionea jicho moja kwa zamu. Kwa Mama Kalunde unajiona mzima, toka kilemba hadi kidole gumba. Mabibi harusi wote walipita pale kwanza, ndipo waende kanisani au kwa shehe.

"Kina urefu gani?" Mzee Sudi aliuliza.

"Kama ile niliyo..." Mzee Kasanda alisita. "Niliyochutama."

"Lakini hicho ni cha kujitazamia," nilisema. "Kina rangi na fedha nyuma. Jua halipiti."

"Fedha inakwanguka," Mzee Sudi akasema. "Kioo cha kujitazamia ni kioo cha dirisha kilichovaa nguo."

Tukaenda. Mama Kalunde alikuwa anapepeta mpunga uani, mwanamke mnene, mwenye utulivu wa watu wasioharakishwa. Tulimwamkia, akaitikia, akaendelea kupepeta. Mzee Kasanda alizunguka sana. Alianza na mvua, akaja kwenye afya za watoto wa taifa, akagusa umuhimu wa kujitolea, akataja mpaka maneno ya mkutano wa kijiji.

"Baba Kalunde," mkewe akamkatiza, "unataka nini?"

"Kioo."

Ungo ukasimama.

"Kioo gani?"

"Chako."

"Aliyekalia nani?"

Nilingoja aseme alichutama. Hakusema. "Mimi," alisema. "Nimekalia mimi."

Mama Kalunde akamtazama kwa muda, nadhani kwa mshangao, maana kijiji kizima kilikuwa kimelingoja neno hilo. Kisha akasema, "Sitoi. Asali ile nilichuja mimi. Wewe uliipanda miti, moshi ulinila mimi." Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mzee Sudi alinishika mkono tukaanza kuondoka. Hatukuwa na haki ya kumlaumu. Nilikuwa nawaza tutamwambia nini Nesi Anjela, na tungefunika paneli kwa kitu gani kabla ya mvua, mlango ulipofunguliwa tena.

"Wewe binti," aliniita. "Hiyo dawa ni ya surua?"

"Ndiyo, mama."

"Si ya kitu kingine?"

"Ni ya surua, mama."

"Surua naijua," alisema. "Kalunde alikuwa na wadogo zake wawili." Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa. "Njooni mkichukue. Lakini si leo. Leo wanawake wenzangu hawajaaga."

Nimefanya kazi mahali pengi, lakini sijaona tena kifaa kikiagwa namna ile. Kesho yake asubuhi walikuja mstari mzima, wamevaa khanga za sikukuu, wamepaka mafuta. Kila mmoja akaingia, akasimama mbele ya kioo, akageuka, akatoka. Bibi mmoja mzee sana alikaa ndani muda mrefu mpaka wakamwita. Alitoka akitikisa kichwa, akasema, "Kumbe mama yangu hajafa." Mimi pia niliingia. Nilikuwa na masizi shavuni tangu juzi, na hakuna aliyeniambia.

Tulikitoa kioo mlangoni mwa kabati, tukakisimamisha uani juu ya mkeka. Nyuma tulikipaka maji ya majivu kulainisha ile rangi nyekundu, halafu ikawa ni wembe, majivu mabichi na subira. Kazi ya kukwangua aliomba Mzee Kasanda. Kukishika kisianguke aliomba mwenyewe, Mama Kalunde. Basi wakakaa, yeye mbele ya kioo, mume nyuma, wamekiweka katikati yao. Mama Kalunde alikuwa anajitazama kwa mara ya mwisho, na Mzee Kasanda hakumwona, wala yeye hakumwona mumewe. Kisha rangi ikaanza kutoka. Fedha ikafutika kipande kidogo, kama sarafu, na pale palipokuwa na shavu la Mama Kalunde pakatokea jicho la Mzee Kasanda, lile lililovimba.

Tundu likapanuka. Paji la uso wake likaondoka, likaja la mume. Tulisikia wembe tu.

"Baba Kalunde," alisema hatimaye, "kumbe umeota mvi za nyusi."

"Tangu zamani," alijibu kutoka upande wa pili.

"Na una majivu puani."

Akacheka yule mwanamke, mumewe akacheka, kioo kikatikisika, na Mzee Sudi akapiga kelele jinsi ambavyo sijamsikia akipiga: "Shikeni! Shikeni kioo! Mtachekea jioni!"

Kilipokuwa cheupe kama maji, Mzee Sudi alikilaza, akapima kwa uzi, akachukua almasi. Kilikuwa kirefu kidogo kuliko paneli. Kukata kioo ni mkono mmoja, bila kurudia, ukirudia, unavunja. Kijiji kizima kilikuwa pale, hata kuku walinyamazishwa. Alisoma bismillahi, akapitisha mstari, akagonga chini kidogo, tak. Kikaachia sawasawa. Nami nikapumua.

Tukaweka vipande vya mpira wa baiskeli pembezoni mwa paneli, tukalaza kioo juu, tukaziba kwa puti tuliyoiponda na kuilainisha kwa mafuta ya rangi. Baiskeli iliyotoa mpira ilikuwa ya mwenyekiti. Nesi Anjela ndiye aliyemwomba, na alimwomba akiwa ameshika sindano.

Tulipomaliza kuifunga juu ya bati, mvua ikaja alasiri ileile, na haikuja kwa adabu. Watu hawakwenda majumbani. Walijibana chini ya baraza la zahanati wakitazama juu, kana kwamba wangeweza kuona tone likiingia. Ilinyesha, ikapita, jua likachungulia. Nikapanda ngazi bati likiwa bado linatoa mvuke. Chini ya kioo palikuwa pakavu. Mzee Sudi chini akaunga mita. "Semeni mzee, semeni!" watu walimhimiza. Alikohoa kwanza, akarekebisha kofia, akawatesa kidogo. "Anakula," alisema. "Milo yote miwili."

Siku ya kuchanja walikuja akina mama wa vijiji vyote, na kilio cha watoto kilisikika hadi mashambani. Nesi Anjela alichanja tangu asubuhi bila kukaa. Alifungua kufuli la jokofu mbele ya watu, akaingiza mkono ndani, akautia mkono ule baridi kwenye shavu la mwenyekiti. "Haya," alimwambia, "umepata baridi yako." Mzee Kasanda aliwaletea watoto masega ya asali wanyamaze. Surua ilifika kijijini baadaye. Iliwalaza wawili watatu, wakaamka wote, ikaenda zake.

Mzee Sudi alistaafu kabla sijafika umri wa kumwita kwa jina bila woga, na alizikwa Gongoni karibu na baba yake. Mimi niliendelea. Miaka ilipopita bidhaa zilianza kurudi madukani, na siku moja nikaona kioo kirefu kwa seremala mmoja mjini. Sikufikiri mara mbili. Nilikifunga kwa magunia, nikapanda nacho treni kwenda Igalula, nikakishikilia magotini njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Nilimkuta Mama Kalunde peke yake. Mumewe alikuwa nyuma ya nyumba akisuka kamba za mizinga. Nilipofungua magunia akaweka mikono mdomoni. Akajitazama, akageuka huku na huku, akacheka, akanishukuru kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi. Kisha akachungulia nje, akachukua khanga, akakifunika kioo haraka na kukisukuma uvunguni mwa kitanda.

"Hukipendi, mama?"

"Nyamaza, mwanangu." Alipunguza sauti. "Siku ile mliyoondoka nilimwambia: umekimaliza kioo changu, basi kioo changu ni wewe. Kila asubuhi nikivaa nasimama mbele yake, aniambie kilemba kimekaaje, khanga imeshuka wapi. Mwanzo alikuwa anasema 'sawa, sawa' huku anatazama mizinga. Nikamwambia kioo hakitazami pembeni. Sasa ananitazama. Juzi kaona hereni imelegea sikioni kabla mimi sijajua." Akalisukuma gunia la mwisho uvunguni kwa mguu. "Tumezaa na huyu mtu, tumezika naye, na alikuwa hajawahi kunitazama hivyo. Usimwambie kama kimefika."

Nilisema sitamwambia. Akajifunga khanga mpya niliyomletea, akatoka hadi uani, akaiacha kwa makusudi imekaa upande.

"Baba Kalunde!" aliita. "Njoo unitazame."

Nyuma ya nyumba kamba zikatupwa chini.

"Kioo kinakuja!" akajibu.